Eugénie Mwadi, mwanamke anayenywesha mawe maji

LIKASI, Zaire, Septemba 1995. Saa moja asubuhi, ndani ya ghala la mabati la kampuni ya migodi huko Shituru, Eugénie Mwadi anadondosha tone la maji juu ya jiwe na kuanza kuhesabu kimyakimya. Akifika nne, tone limeshatoweka. Analigusa jiwe kwa ncha ya ulimi, anatabasamu, kisha anaandika katika daftari: "Linakunywa."

Ana umri wa miaka arobaini na minane. Aliingia ghala hili mwaka 1974 akiwa mfagiaji. Leo ndiye mtunzaji wake, na mshahara wake ni gunia la unga wa mahindi, mwezi ambao gunia linafika.

Mawe anayoyatunza ni vipande virefu vya duara, vinene kama mkono wa mtu mzima, vilivyotolewa ardhini na mashine za kutoboa. Wafanyakazi huviita karoti. Kila sanduku lina mita tano za ardhi, zilizopangwa kutoka juu kwenda chini.

Eugénie alijifunza kusoma mawe kwa kuwasikiliza wanajiolojia huku akifagia. Wa mwisho wao aliondoka miaka miwili iliyopita, akamwachia funguo na rundo la majarida ya Kifaransa kuhusu mafuta na gesi. Aliyasoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa siku.

Humo alikuta kwamba watafiti wa siku hizi hutumia kompyuta kuchora miamba yenye mafuta ambayo hakuna aliyeiona, kwa kuunganisha vipimo vya visima vichache. Alikuta pia jambo lililomkaa moyoni: haitoshi kujua jiwe lina vitundu vingapi, lazima ijulikane kama vitundu hivyo vimeungana.

"Mafuta ao maji, kwa jiwe ni moja tu," anasema. "Muntu iko na nyumba ya vyumba kumi. Kama milango hakuna, nani atapita?"

Maarifa hayo yalipata kazi Kikula, anakoishi. Mabomba ya mtaa wake yamekauka kwa miezi kumi na minne. Wanawake hutembea kilomita nne, kwenda na kurudi, mara tatu kwa siku. Wakazi walipokubaliana kuchimba kisima, Eugénie aliwaonyesha mahali, karibu na shimo la zamani la majaribio ambalo karoti zake zimo ghalani. Sanduku lilionyesha jiwe linalokunywa kwenye mita ya kumi na moja.

Damas Ilunga, mchimbaji aliyepoteza kazi mgodini, alichimba kwa wiki tatu. Kwenye mita ya kumi na mbili, chini kulikuwa kukavu kama majivu. Aliweka patasi chini, akasema Jumatatu anakwenda Ziwa Tshangalele kutafuta samaki. Mtaani hapakuwa na mwingine aliyeweza kukata mwamba kwa kina kile.

"Mama Eugénie, weye unalamba mawe," alimwambia mbele ya watu. "Shiye tutalamba nini?"

Eugénie aliomba jiwe moja la kila mita, akayabeba kwa beseni hadi Shituru na kuyapanga kando ya masanduku. Hadi mita ya kumi yalifanana vizuri. Baada ya hapo yalikataa, mpaka alipojaribu kuanzia upande wa pili wa sanduku la tatu.

Ndipo alipokumbuka. Mwaka 1993 watu walikuwa wakichukua mbao za masanduku kuwashia moto, naye akazihamishia karoti haraka kwenye masanduku ya vipande vya mabati. Sanduku lile alilijaza kuanzia mwisho. Jiwe alilolitaja kuwa la mita ya kumi na moja lilikuwa kwenye ya kumi na nne.

Alirudi akawaambia wote, bila kujificha. "Kosa ni yangu. Minye njo nilipindula mawe. Ardhi haikudanganya. Inabakia mita mbili."

Damas alimuuliza kama safari hii amelamba mbele au nyuma. Watu wakacheka, Damas mwenyewe akacheka zaidi, na siku iliyofuata alishuka tena shimoni.

Alhamisi iliyopita, wanawake wakiwa wameketi kwenye ndoo tupu, sauti ya Damas ilipanda taratibu kutoka chini: "Mushushe kamba. Magulu yangu iko ndani ya maji."

Kufikia adhuhuri maji yalikuwa yamepanda mita mbili. Mayimuna, jirani anayeuza maandazi, aliteka ndoo ya kwanza na kummwagia Eugénie miguuni, polepole, huku wengine wakipiga vigelegele na kucheza kwenye matope.

Sasa Eugénie anachora ramani ya ardhi ya Kikula nyuma ya kalenda ya zamani. Amewaomba wachimbaji wote wamletee jiwe moja la kila mita, likiwa na alama ya rangi upande wa juu. Damas anaanza kisima cha pili Jumatatu.

"Ramani hii ikiisha," anasema Eugénie, "hakuna muntu wa Kikula atauliza maji iko wapi. Atauliza tu iko mita ngapi."