Mtu Akisaga, Yupo

Enzi zetu hakukuwa na saa ya kumwamsha mtu, wala simu ya kumlilia sikioni. Sisi tuliamshwa na mawe. Giza likiwa bado halijaondoka vizuri, ungesikia jiwe la kwanza kwa bibi mzaa baba, ng'ambo ya zizi la ng'ombe, likikwaruza taratibu, maana yule bibi hakuwa na haraka na kitu chochote hapa duniani. Kisha linaanza la mama ndani kwetu. Kisha la jirani, na la jirani wa jirani, mpaka kijiji chetu chote pale karibu na Ilongero kinanguruma kwa wanawake waliopiga magoti wakisaga uwele wa uji. Sisi watoto tulikuwa chini ya blanketi moja, tunavutana, kila mmoja anajifanya hajasikia.

Wenzangu wa rika langu hamhitaji kuelezwa jiwe la kusagia, lakini wajukuu zenu wakisoma hapa waelezeni. Ni jiwe kubwa bapa, limelazwa chini kwa mteremko, na jingine dogo la kushika kwa mikono miwili. Unatia konzi ya uwele uliotwangwa na kupepetwa jana yake, unasukuma, unavuta, unga unadondoka kwenye ngozi iliyotandikwa mbele. Kiuno kinauma, magoti yanauma, na hakuna aliyekupa pole kwa sababu kila mwanamke alikuwa kwenye jiwe lake wakati huohuo. Unga ule ulikuwa na rangi ya majivu na harufu ya kitu kilicho hai. Mpaka leo nikiisikia harufu ile nafumba macho.

Uji wetu haukujua sukari. Ukipata bahati ulitiwa maziwa, au unga wa ubuyu ukawa na uchachu mtamu, na wajomba wakija kutoka upande wa Itigi na kibuyu cha asali, basi asubuhi hiyo hata wavivu waliamka wa kwanza. Pembeni kulikuwa na kiporo cha ugali wa jana, kimebanikwa kwenye makaa mpaka kikafanya ganda, tunakivunja na kukichovya kwenye maziwa mgando. Msimu wa viazi vitamu tulikula viazi. Msimu wa maboga tulikula boga, na mbegu zake mama alizikausha juani, akazikaanga kwa chumvi kidogo, akatugawia kwa kiganja chake. Kiganja chake kilikuwa kidogo. Tulikuwa tunaomba apime baba.

Hizo mbegu na karanga ndizo zilikuwa chai yetu ya saa nne shuleni. Mimi mfuko wa sketi yangu ulikuwa umetoboka, kwa hiyo nilizifunga kwenye pindo na kutembea nusu nimeinama, mwalimu akidhani naumwa tumbo. Mwenye karanga alikuwa na marafiki wengi mpaka karanga ziishe. Njiani kurudi tulichuma matunda ya furu, meno yakawa meusi, tukavunja mabua ya mtama na kuyatafuna mpaka pembe za mdomo zikachanika. Na mama akitukuta tumeyavunja kwenye shamba la mtu, tulichapwa kwa bua hilohilo.

Leo nina mjukuu Dar es Salaam, binti wa chuo, msichana mzuri lakini asubuhi yake ni soda na maandazi ya jana. Juzi kanitumia picha ya bakuli kwenye simu. Uji wa uwele, umemwagiwa asali, juu umepangiwa mbegu za maboga moja moja kama vifungo vya shati. Akaniandikia kwamba bibi, watu wa afya wanasema hiki ndicho chakula, kisichopita kiwandani, na hotelini wanakiuza bei ya kuku mzima. Nilicheka peke yangu jikoni. Kile tulichokuwa tunakifichia sura mbele ya watoto wa karani waliokuwa wanakula mkate, leo kinapigwa picha. Nikamuuliza, umeusaga mwenyewe? Akanijibu kwa kile kikatuni cha kucheka machozi.

Lakini si uji ninaoukumbuka zaidi. Ninayakumbuka yale mawe, na kazi nyingine yaliyokuwa yanaifanya ambayo hakuna aliyeitaja kwa jina. Bibi yangu ndiye aliyeniambia, siku nilipolalamika kwamba kelele zinanikatisha ndoto. Alinijibu kwa Kinyaturu, na kwa Kiswahili ni kama kusema: mtu akisaga, yupo. Yaani kila mwanamke alipokuwa anasukuma jiwe lake, sikio lilikuwa kwa wenzake. Huyu kaamka. Huyu kaamka. Yule naye kaamka. Nyumba iliyokaa kimya ilikuwa na habari yake, na habari hiyo haikusubiri jua.

Kuna mwaka baba yangu mdogo alioa msichana aliyelelewa mjini, kwenye mashine ya kusaga. Kwa mapenzi yake, akamnunulia unga uliokwisha kusagwa, gunia zima, ili mkewe asichubuke mikono. Asubuhi ya kwanza nyumba yao ikawa kimya. Mama akaacha jiwe lake, bibi akaacha lake, majirani wakaacha yao, na wanawake wote wakaenda mbio mle ndani, mmoja na maji, mwingine na mizizi ya dawa, mwingine tayari ameanza kulia. Wakawakuta maharusi wamelala fofofo, mguu huku mguu kule. Kijiji kilicheka mpaka msimu wa mavuno. Yule mama mdogo aliona aibu, lakini alikuwa na akili. Tangu siku hiyo aliamka alfajiri, akapiga magoti, akasugua mawe matupu kwa kitambo, kisha akarudi kulala.

Tulimcheka sana kwa yale mawe matupu. Kumbe alikuwa ameelewa upesi kuliko sisi tuliozaliwa pale.

Na kuna asubuhi ambayo jiwe la bibi halikulia. Nilikuwa na umri wa kuanza shule. Nilimsikia mama akisimamisha mikono. Akasikiliza. Akasukuma mara moja, akasimama tena. Kisha akainuka na unga mikononi, akatoka, nami nikamfuata nikiwa nusu uchi. Tulimkuta bibi ameanguka kando ya kitanda, homa inamchoma, mdomo umekauka. Tulipogeuka mlango ulikuwa umejaa wanawake. Wakamwinua, wakamkanda, wakamnywesha uji mwepesi kwa kata, kidogo kidogo. Bibi alipona. Alipopata sauti, neno lake la kwanza lilikuwa kulaumu kwamba nani kasaga uji huu, una mchanga. Aliishi miaka mingine mingi, na kila alfajiri tulimsikia.

Sasa mimi ndiye bibi. Mume wangu ametangulia mbele ya haki, watoto wako Dar na Mwanza, na mimi nakaa hapa Singida mjini kwenye nyumba aliyonijengea mwanangu. Nyumba nzuri, ina vigae, upande wa pili wa ukuta kuna vyumba viwili vya mpangaji. Nilipohama kijijini wanangu waliniambia nichague vitu vichache. Nilichagua jiwe la bibi. Waliguna, wakalipakia kwenye gari wanaume watatu, mmoja akaniuliza kama kuna mtu kazikwa humo.

Kila alfajiri napiga magoti. Madaktari wa magoti wanisamehe. Uwele wa mtu mmoja ni konzi moja tu, unaisha kabla mgongo haujapata joto. Na nikiri jambo hapa, maana ninaoandikia mnanielewa: uwele ukiisha mimi huendelea kusugua. Mawe matupu, kama mama mdogo. Nasugua na kusikiliza, na hakuna jiwe linalojibu. Mnajua upweke ni nini? Watu wanadhani ni kukosa wa kuongea naye. Wa kuongea nao wapo, hata muuza vitunguu ninaongea naye. Upweke ni kuwaza kwamba asubuhi moja hutaamka, na itachukua muda gani mpaka mtu ajue. Hilo ndilo ninaloliogopa, si kifo.

Mpangaji wangu ni Mama Nasra, binti mwenye heshima zake, anauza mitumba sokoni na ana mtoto mchanga. Mumewe ni dereva wa malori, yuko safarini muda mwingi. Alipohamia hakuchukua muda akaja mlangoni, kapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu ndani."

"Hapana mama, sikai. Samahani sana, ile sauti ya alfajiri... mtoto anashtuka, akishaamka halali tena."

Nikamwambia pole, nimesikia. Nikatandika magunia chini ya jiwe, nikawa nasukuma polepole. Sauti ilipungua lakini haikuisha. Akawa ananisalimia kwa adabu ileile, macho yamevimba kwa usingizi, na mimi ninaona haya. Ila kuacha sikuweza. Ningeachaje?

Mwezi uliopita homa ikanikamata. Nilisikia baridi usiku, na alfajiri nilipotaka kuinuka miguu ikakataa. Nikalala pale naangalia dari. Jiwe likawa kimya, na mimi, mwanamke mzima mwenye mvi, nikaanza kusikiliza mlango. Nilijua kabisa kwamba hapa si kijijini. Hata hivyo nilisikiliza. Bodaboda zikapita. Kwa majirani wa nyuma nikasikia bomba, sufuria, kijiko kwenye kikombe. Kulipopambazuka vizuri simu ikalia, moyo ukaruka. Ilikuwa picha ya maua kwenye lile kundi letu la familia, mwanangu ameandika asubuhi njema kwa wote. Wote wakajibu kwa vile vikatuni vya viganja vilivyoshikanishwa. Mimi sikujibu. Nikangoja nione nani ataniulizia. Maua yakapita, ikaja video ya mbuzi anayepanda ngazi.

Jua lilikuwa limeshapanda sana nilipomsikia mtu akisema hodi. Siwadanganyi, machozi yalinitoka. Nikajikokota kwa kushika ukuta mpaka mlangoni, nikasema moyoni, bibi, wamekuja. Nikafungua. Alikuwa Mama Nasra, mtoto mgongoni, mkononi sahani ya chapati imefunikwa kwa kitambaa.

"Shikamoo mama. Nimekuja kukushukuru. Leo mtoto kalala mpaka saa tatu, na mimi nimelala. Mungu akubariki kwa kutuelewa."

Nilishika fremu ya mlango. Sikumkasirikia. Alikuwa ameoga, uso umetulia, kwa mara ya kwanza tangu ahamie niliona kwamba ni mzuri. Ningeweza kusema karibu mwanangu, nikapokea sahani, nikafunga. Lakini homa inalegeza ulimi.

"Mwanangu," nikamwambia, "siku ukisikia kimya huku kwangu, usinishukuru. Piga hodi."

Hakuelewa. Kisha akanitazama vizuri. Akaweka sahani chini, akanishika paji la uso kwa mgongo wa mkono, akasema, "Mama, unaungua." Akanipeleka mwenyewe kupimwa, akanirudisha kitandani, akamtuma dereva wa bodaboda dawa, kisha akaingia jikoni akauliza apike nini. Nikamwambia uji. Unga ulikuwapo wa jana. Hajawahi kupika uji wa uwele maishani mwake, ulitoka na madonge madonge, na kaujaza sukari. Nikaunywa wote. Na wakati nakunywa nikamsimulia habari za mawe, za bibi yangu na maharusi waliolala fofofo, na lile neno la bibi. Alicheka pale kwa maharusi. Pale kwa bibi hakucheka.

Sitaki kuwadanganya kwamba upweke umekwisha. Mama Nasra ni mpangaji, na wapangaji huhama, mumewe akipata kituo kingine atamfuata. Wanangu niliwaambia kuhusu homa, wakanilaumu kwa nini sikupiga simu. Wana haki yao. Ila sisi tuliolelewa kule hatukuzoea kupiga simu kuomba tukumbukwe. Enzi zile ulikaa kimya tu, na kimya chako kikawaamsha watu. Siku hizi lazima upige kelele, na ukipiga kelele unamsumbua mtoto wa watu. Uji nimebaki nao, asali nikiitaka ipo sokoni, hata mbegu za maboga zinauzwa zimefungwa vizuri kwenye pakiti. Wale waliokuwa wanasikiliza ndio sioni mahali pa kuwanunua.

Nilipopata nguvu nilipiga magoti tena. Konzi moja ya uwele ikaisha upesi kama kawaida, nikaendelea na mawe matupu, polepole, juu ya magunia. Upande wa pili mtoto akaanza kulia. Nikasimamisha mikono, nikijua nimekosea tena. Ukuta wetu ni mwembamba. Nikamsikia mama yake akigeuka kitandani, akimpigapiga mgongo, akimwambia kwa sauti ya usingizi:

"Nyamaza, mwanangu. Lala. Bibi yupo."