Daktari Chale

Miaka ya ruksa, serikali iliporuhusu tena zahanati za watu binafsi, Daktari Fortunata alikodi chumba Majengo akaanza kutibu pumu, vipele na miili inayokataa vyakula. Kutwa alikuwa akiuliza: umekula nini, umelala wapi, ulipopepeta ulezi vumbi lilielekea wapi? Kisha hudondosha matone ya vyakula mkononi mwa mgonjwa, huchoma ngozi kidogo kwa sindano, aone tone gani litavimbisha. Mjini wakamwita Daktari Chale. Alilisikia jina hilo, akaendelea kuchoma.

Siku moja Modesti alimleta mkewe, Salome. Mara tatu Salome alikuwa amekula mboga ya mama mkwe wake akavimba midomo, pumzi ikakaribia kukatika. Ukoo ukasema bibi huyo ni mchawi, ahame. Bibi mwenyewe, Cornelia, aliwafuata nyuma bila kualikwa.

"Shikamoo mama. Mboga unatia nini?" Daktari alimwuliza.

"Marahaba. Majani ya maboga, nyanya, na unga wa kumbikumbi." Akafungua pindo la kitenge. "Nimeuleta. Wanasema sumu, upime."

"Kumbikumbi?" Salome alishtuka. "Mimi nilidhani karanga!"

Daktari alipochukua sindano, Modesti akasimama. "Hapana. Sisi Wakatoliki, chale hatuchanji. Ukoo utasema tumeongeza uchawi juu ya uchawi."

"Chale hupakwa dawa ya kukukinga. Mimi napaka kinachokudhuru. Ningekuwa mganga, ningekufa njaa."

"Hawataamini."

"Basi nitamchoma mbele yao." Akafunga zahanati mchana kweupe, akabeba na dawa ya kuokoa pumzi.

Kijijini ukoo ulikusanyika, na Isdori, shemeji wa bibi na mkubwa wa ukoo, alikunja uso. Kabla hajasema, Cornelia alinyoosha mkono. "Nianze mimi. Kama ni sumu, iniue mimi kwanza."

Daktari aliwachoma wote wawili, unga uleule, sindano mbili mpya. Wakangoja. Mkono wa bibi ulibaki laini. Wa Salome ukainuka donge jekundu, linawasha.

"Mwili wake haupatani na kumbikumbi," alisema Daktari. "Asile tena. Basi."

"Na uchawi?" Isdori akauliza.

"Lete mkono, baba, tuutafute."

Isdori aliingiza mikono yote kwenye koti. Watu wakacheka.

"Kikao kimekwisha," alisema Cornelia, akishusha mkono wa gauni. "Sihami. Salome mwanangu, leo utakula mboga ya nyanya tupu. Kumbikumbi nitakula mimi, na mlango wazi."