Sauti ya Kumi na Tatu

Siku isiyonitoka, mwanangu, ni ile niliyoisikia sauti yangu ikiwa peke yake. Ilikuwa Jumapili ya mavuno, kanisa letu la makuti kule Temeke limejaa hadi nje, wageni wameketi mbele. Kwaya yetu ya watu kumi na wawili ikanyamaza ghafla katikati ya wimbo, kimya kizuri kabisa, nami nikaingia humo na besi yangu kama honi ya meli. Neno zima nililimaliza. Watoto walicheka kwanza, kisha wakubwa, kisha mgeni mmoja akajifuta machozi kwa leso.

Ngoja nirudi nyuma, maana hukuwapo.

Ilikuwa miaka mingi iliyopita. Mie nilikuwa kijana, mpagazi wa bandarini Kurasini, na shule niliiona kupitia dirishani tu. Jumamosi alasiri tulikutana kwenye banda la Fundi Petro, seremala, tukakaa juu ya mbao zake tukaimba bila kinanda wala ngoma. Mwalimu Zakaria ndiye aliyetuongoza, na sheria yake ilikuwa moja: sauti nne, watu watatu kila sauti. "Wakizidi," alisema, "hiyo si kwaya tena, ni gulio." Nyimbo alizinakili kwa mkono, kila sauti na karatasi yake, herufi tupu za noti, d, r, m, s, na vistari vya kupimia mwendo. Niliitazama karatasi ile mpaka macho yakauma, nikijiuliza sauti imefichwa wapi humo.

Sikuuliza. Hilo ndilo kosa langu, na nalitaja kwanza kabla sijataja ya watu. Nilisimama karibu na Elia, karani wa ghala, nikalitega sikio langu mdomoni mwake. Alichoimba yeye, nami nikakiimba, nyuma yake kwa unywele mmoja. Karatasi niliishika tu, kama wenzangu. Elia alijua. Njiani alinitania, "Lukasi, ukizidi kunisogelea hivi watu watasema umenioa."

Sasa sikia ajabu. Siku tulipopatana barabara, sauti nne zimekaa sawasawa, nilisikia nyingine juu yetu, nyembamba, haitoki kinywani mwa mtu. Nikahesabu vichwa. Kumi na wawili. Wiki iliyofuata ikaja tena, nikaanza kunyata nyuma ya akina mama huku naimba, nikitega sikio kwa mmoja mmoja.

"We Lukasi, umepoteza mbuzi?" akauliza Mama Anastazia, mkubwa wetu wa umri, mwimbaji wa sauti ya pili.

"Shikamoo, mama. Namtafuta anayeimba kule juu."

Wengine walicheka. Yeye hakucheka. "Marahaba. Kumbe nawe unaisikia! Usimtafute mwenyewe, baba, hana. Huja tukipatana, na mmoja akikosea huondoka."

Tangu hapo nikawa mtumwa wa Jumamosi. Wiki nzima nabeba magunia, watu wananiita "we mpagazi", nami nawaza: itakuja tena? Inatoka wapi?

Wiki ya mavuno meli ilituchelewesha bandarini, nikakosa zoezi la mwisho. Jumapili mlangoni pa kanisa nikamuuliza Elia kama kuna lililobadilika.

"Hakuna. Wewe nifuate mie."

Kumbe Mwalimu alikuwa ameongeza kimya cha mapigo manne, akakitia alama ya penseli kwenye kila karatasi, hata yangu niliyoiacha bandani. Tulipofika pale, Elia alivuta pumzi, akapandisha mabega, akafungua kinywa kama anayeingia. Nikaingia. Yeye hakutoa hata mnong'ono. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu, na changu kilikuwa begani kwangu.

Baadaye bandani Mwalimu Zakaria alisema, "Si nimeandika? Lete karatasi yako." Akaitazama, akanitazama. "Bwana Lukasi, hii ni ya akina mama. Sauti ya pili." Miezi saba nilikuwa nimeishika hiyohiyo.

Elia akasema kwa upole, "Mie nilidhani anasoma, Mwalimu."

Nikaambiwa nipumzike kidogo. Jumamosi iliyofuata nilipopita pale, shemeji yake Elia alikuwa amesimama mahali pangu. Nafasi zilikuwa kumi na mbili tu. Ili aingie mmoja, ilibidi mmoja atoke.

Mama Anastazia alinifuata barabarani. "Kutojua kusoma si aibu," alisema, "lakini mficha uchi hazai. Ungeniuliza, ningekufundisha zile herufi kwa wiki mbili. Na wewe uliniuliza nini? Uliniuliza habari za sauti isiyo na mtu, ukashindwa kuuliza za karatasi uliyoishika!"

Basi shika hili, wewe unayenisikiliza. Usilolijua liseme ungali mgeni, maana ukikaa nalo linakuwa kamba mkononi mwa mwingine. Usiazime sikio la mtu ukaliita lako. Nawe ukiwa kiongozi kama Mwalimu Zakaria, waulize watu wako mapema, usingoje kuwauliza mbele ya kicheko. Yeye alituona kila Jumamosi, na hakuniuliza hata mara moja. Mungu akupe ulimi usioogopa kuuliza, na jirani anayevuta pumzi kwa kweli.

Lakini wewe Elia, najua unakaa Kinondoni na wajukuu wako wanakuita babu mwema. Umri wangu wote sijaisikia tena sauti ile. Sitaki uniombe radhi. Njoo unijibu hili tu, mbele ya watu, kama nilivyochekwa mbele ya watu: ulipokwisha kunitoa, mkasimama kumi na wawili na shemeji yako, ile ya kumi na tatu ilikuja?