Shikamoo ya Mume Wangu

Gari lililopinduka na mume wangu kule Somanga halikumvunja hata kidole. Ndivyo tulivyoambiwa, na ndivyo tulivyoamini. Adhuhuri aliteremka kwenye bodaboda hapa Kiranjeranje, shati limejaa vumbi, juu ya sikio ana uvimbe kama bibo la korosho. Nikamwambia twende hospitali. Akanijibu, "Mwanamke, acha kelele, nipe maji." Alhamdulillahi, nikasema moyoni, maadamu ulimi upo, mtu yupo.

Watu wakajaa uani kutoa pole. Na kwetu pole haijatimia mpaka mtani afike. Mtani wake ni mtoto wa mjomba wake, fundi pikipiki, mwenye mdomo mchafu kuliko mikono yake. Hao wawili wametukanana tangu utotoni. Hata mbele ya jeneza wangetaniana, na wafiwa wakacheka huku wanafuta machozi.

Akaingia bila hodi. "Hata lami imekutema! Nami nimekuja mbio kurithi baiskeli!"

Tukamgeukia mume wangu, tunangoja. Hajawahi kushindwa huyo. Akamtazama, akainamisha kichwa, akasema kwa adabu, "Shikamoo, baba."

Wee! Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. "Marahaba, mwanangu, umekua," mtani akaitikia, akampapasa kichwa. Nami nilicheka. Mume wangu akauliza hapa ni nyumbani kwa nani, tukacheka tena. Akatapika kando ya jamvi, mtu akapaza sauti, "Mwenzetu mimba hiyo!" Kila alichofanya kilikuwa utani.

Nikampelekea maji ya kusukutua. Akapokea kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama."

Hapo nikaacha kucheka. Miaka yote ya ndoa yetu hajanifanyia mzaha mbele za watu, hata siku moja. Nikamtazama machoni. Mboni moja ilikuwa imetanuka kuliko ya pili.

"Nyamazeni! Huyu hatanii!"

Wakacheka na hilo nalo. Walinyamaza alipoanguka.

Tulipata gari la kutupeleka Lindi. Mtani alimlaza mapajani, akamtukana njia nzima huku machozi yanamtiririka. "Jibu, mwizi wa kuku wee! Jibu basi!" Mimi nilikuwa nimeshika miguu yake, namwomba Mungu mume wangu atukane. Dua gani hiyo! Lakini sikuwa na nyingine.

Walimpasua kichwa wakatoa damu iliyovilia ndani. Akapona, wanavyosema watu. Anatembea, anakula, anaokota korosho nami shambani. Lakini kila asubuhi nafungua macho kwanza nimwangalie anavyoniangalia, nijue leo mimi ni nani. Siku nyingine ananiita dada. Siku nyingine anauliza kwa upole kama nimeshakula, kama mtu amwulizavyo mgeni, na upole ule unanitisha kuliko kama angenipigia kelele.

Kila Ijumaa baada ya sala mtani anakuja, anamtukana tangu barabarani. Mume wangu humkaribisha tu, kwa adabu. Mpaka Ijumaa iliyopita.

"Bado hujafa?" mtani akauliza.

"Nife nikuachie nani, nyani usiye na mkia?"

Lo! Nilidondosha mwiko. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni, mtani akamkumbatia akilia na kucheka. Nikamimina chai, nikatoka nayo.

Mume wangu alikuwa amemvuta mtani karibu, ananong'ona, lakini nilisikia.

"Ndugu yangu, nisaidie. Yule mama anayenipikia, mwambie taratibu aende kwao. Mke wangu akirudi akamkuta humu ndani, hapa hapatatosha."

Nikasogea nikamwekea mume wangu kikombe mbele yake. Akakipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikaitikia.