Niliziruka Nyumba za Bondeni

Kosa ni langu. Sina wa kumsukumia. Wala shetani simtaji, maana miguu iliyopita pale bila ya kusimama ilikuwa yangu mwenyewe, na ulimi ulioapa ulikuwa wangu.

Wewe unayesoma, nakuomba unisikilize mpaka mwisho, halafu unilaani ukitaka. Mimi nshajilaani sana.

Nilikuwa mwalishi. Watu wa Unguja mnaijua kazi hii. Mtu akiwa na harusi, au hitima, au amefiwa, humtuma mwanamke mmoja anayeaminika apite nyumba kwa nyumba. Najifunga buibui langu, napiga hodi, nakaribishwa, nakaa kitako, nasema: “Bi fulani anakusalimu sana, anakuomba siku fulani uende kwake.” Basi. Kwetu sisi mtu haendi kwa watu mpaka aalikwe kwa mdomo. Usipofikiwa, ndiyo umeambiwa usije.

Kwa kazi hiyo hakuna mlango wa mtaa wetu wa Ng'ambo nisioujua. Nikijua nani ana mgonjwa, nani kagombana na mumewe, nani leo hakuweka chungu jikoni. Watu wakiniamini, jamani! Nikisema “nimemwambia,” imekwisha, hakuna anayeuliza mara ya pili.

Mambo haya yalitokea miaka michache baada ya Mapinduzi, kabla hawajaanza kutuvunjia nyumba kujenga majumba ya ghorofa. Mtaa wetu ulikuwa na sehemu mbili. Sisi tulikaa juu, na kule chini kulikuwa na safu ya nyumba za udongo tukiziita Bondeni. Nyuma ya nyumba hizo palikuwa na shimo kubwa la zamani, lililochimbwa udongo wa kukandikia nyumba zetu zote.

Shoga yangu Mize alikaa Bondeni. Huyo tulichezwa unyago pamoja, tukaolewa mwaka mmoja, tukazaa tukiuguzana. Mwanawe Haji alipokuwa anaoa, nilingoja Mize aniite anipe kazi ya kualika. Nikangoja. Asubuhi moja nikasikia hodi mlangoni kwangu. Mwanamke wa mtaa wa pili, mwalishi mwenzangu, akakaa kitako kwenye mkeka wangu akanambia: “Bi Mize anakusalimu sana, anakuomba Alkhamisi uende kwake, mwanawe anaoa.”

Yaani mimi naalikwa harusi ya Haji na mtu baki! Niliitikia vizuri, nikamtilia na kahawa. Alipotoka nililia kwa hasira. Harusini nilikwenda, lakini roho ilikuwa imeshaingia kutu.

Basi haikupita muda, ikaja habari ya mtaro. Kila masika maji yalikuwa yakituingilia majumbani, wa juu na wa chini. Tukaambiwa kwamba vifaa vitatolewa, na nguvu ya kuchimba itoke kwetu wenyewe, kwa kujitolea. Lakini mtaro upite wapi, hilo tuamue sisi, mtaa mzima, kila nyumba, wanawake na wanaume, kwa kunyanyua mikono.

Mwenyekiti wa kamati ya mtaa alikuwa Mzee Vuai, fundi seremala, mtu mpole. Aliniita Ijumaa baada ya sala.

“Mwanangu, mkutano Jumapili asubuhi,” aliniambia. “Nataka uzungukie nyumba zote. Bondeni khasa, maana wao wana msikiti wao, tangazo letu halitawafikia. Na shimo liko nyuma yao. Neno lao lazima tulisikie.”

“Naam, Mzee,” nikamwambia. “Nitafika kote.”

Wallahi nilitoka na nia njema! Nilizimaliza nyumba za juu zote. Nikateremka mpaka pale njia inapokata kwenda Bondeni, nikasimama. Nikamwona Mize kwa mbali, amekaa barazani na mkwewe Zuwena, wanasuka ukili, wanacheka. Sijui walikuwa wakicheka nini. Moyo wangu ukanambia wananicheka mimi.

Nikageuka. Nikajisemea, si ana mwalishi wake? Basi na amwite huyo.

Nilikusudia kumkomoa mtu mmoja. Lakini nyumba ya Mize ilikuwa ya mwanzo, na kuifikia ya pili lazima niipite ya kwake. Kwa hiyo nikaziruka zote.

Jumapili tukakusanyika kwenye uwanja wa skuli. Mzee Vuai akaangaza macho huku na huku.

“Mbona siwaoni watu wa Bondeni?” Akanigeukia mimi. “Uliwafikia?”

Hapo ndipo ningeweza kusema sikuwahi. Neno moja tu! Tungengoja, mtu angetumwa mbio, na mkutano usingeharibika. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, mimi mwenye sifa ya kutoruka mlango.

“Niliwafikia, Mzee,” nikasema. “Wamesema hawana nafasi. Mtakaloamua nyinyi, wao wameridhika.”

Mzee Vuai akatikisa kichwa, lakini akaendelea. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ndefu, yenda mpaka mtaro mkubwa wa barabarani, na katikati yake kuna mwamba wa kuvunjwa kwa nyundo. Ya pili fupi, inateremka moja kwa moja na kumwaga maji kwenye shimo la Bondeni. Wapo waliosema shimo litajaa. Wengine wakajibu kwamba wenye shimo lao wameridhika, sisi tunajisumbulia nini?

Ikanyanyuliwa mikono. Njia fupi ilishinda, tena kwa kuzidiana kidogo tu. Robo ya watu wa Bondeni wangetosha kuigeuza hesabu ile. Na mimi pia niliunyanyua mkono wangu, kwa njia fupi.

Wachimbaji walipofika Bondeni na majembe na makarai, watu walitoka majumbani mwao wameshangaa. Nani kaamua? Wakaambiwa: “Nyinyi wenyewe mliitwa, mkasema mmeridhika.” Zikazuka kelele. Mzee Vuai akasimamisha kazi, akawakusanya watu pale pale, akatuma niitwe.

Nilipofika, Mize ndiye aliyesimama mbele.

“Shoga,” akaniuliza, “ulikuja kwangu lini?”

“Ijumaa,” nikamjibu. “Nilipiga hodi, akaniitikia mtoto tu. Nikamwachia maneno.”

“Mtoto gani? Nyumbani kwangu mna mtoto gani?” Akanikaribia, akashusha sauti ili wengine wasisikie. “Au ndiyo ile harusi? Nimeona tangu siku ile umebadilika. Sikukutuma kualika kwa sababu sikutaka utembee juani kama mtumwa siku ya mwanangu. Nilitaka ukae ndani na ndugu zangu. Wewe ni ndugu yangu. Hukujua?”

Yarabi! Nilihisi kama nimevuliwa nguo. Sikujua. Kweli sikujua. Siku ya harusi mwenyewe alinishika mkono akanikalisha na mama zake, na mimi nikaona ananifanyia unafiki.

Mzee Vuai akasema: “Mimi neno langu ni moja. Kama watu hawa hawakuambiwa, mkutano ule haukuwa mkutano. Tutauita upya, na mikono itanyanyuliwa upya. Sema, mwanangu. Uliwaambia au hukuwaambia?”

Mlango wa kutokea ule, umefunguliwa wazi! Mara ya pili! Lakini nikiwatazama watu wale, vijana waliokwisha kutoka jasho, mashoga zangu, mume wangu kasimama na karai begani, nikaona aibu yangu ni kubwa kuliko shimo lile.

“Wallahi niliwaambia,” nikasema.

Nimeapa kwa jina la Mungu, kwa uongo, mbele ya Mize. Yeye akajitanda kanga yake vizuri, akarudi kwake. Kiapo changu kikashinda maneno ya Bondeni nzima, kazi ikaendelea.

Masika yakaingia. Mwaka ule mvua ilinyesha mfululizo, haipumui. Sisi wa juu tulikuwa wakavu, tunasifu mtaro. Maji yetu yote yalikuwa yanakwenda Bondeni. Shimo likajaa, likafurika, maji yakawarudia wenyewe kwa nyuma. Wakaanza kutoa magodoro na kuku na masanduku.

Adhuhuri moja nilisikia yowe. Zuwena, yule mke wa Haji, alikuwa amerudi ndani kuchukua cherehani yake ya harusi. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeshalowa mpaka katikati. Ukamlalia. Wanaume walimfukua kwa mikono, lakini walimtoa ameshakufa. Masikini! Haji alikuwa kazini bandarini, hana habari. Na mwanamke yule alikuwa na mimba changa. Hilo tuliambiwa na waosha.

Haya, sikiliza sasa. Maiti anataka kuzikwa, watu wanatakiwa waambiwe. Nani wa kuwaambia? Mzee Vuai akanituma mimi! Akanambia huku analia: “Pita nyumba zote, mwanangu.”

Nilipita. Juu nilimaliza, nikateremka Bondeni, maji yananifika magotini. Kwa Mize ndiko kwenye msiba, sikupiga hodi. Mlango wa kwanza baada ya wake alitoka bibi mmoja mtu mzima sana, kashika beseni la kukumbia maji. Nikamwambia: “Shikamoo, bibi.”

Hakuniitikia. Maisha yangu yote sijapata kumwamkia mtu mzima asiniitikie. Alinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani, kisha akasema: “Leo njia umeiona.”

Mlango wa pili walinifungia. Wa tatu mwanamke mwenzangu aliniambia: “Tunajua. Maiti ni wetu.” Na mimi niliendelea kupiga hodi, nyumba zote, mpaka ya mwisho, kazi niliyotakiwa kuifanya Ijumaa ile.

Na matangani je? Nimekaa mkekani na wanawake wa juu, nawasikia wananong'ona: “Inasikitisha, lakini si wenyewe walikataa kuja mkutanoni? Watu wa Bondeni ndivyo walivyo, hawajishughulishi. Wamejitakia.”

Nilisikia hayo kwa masikio yangu, na nilinyamaza.

Tangu hapo mimi si mwalishi tena. Hakuna aliyenifukuza. Ni kwamba nikinyanyua mkono kupiga hodi, naushusha, narudi nyumbani. Mume wangu nilimweleza, tunaishi naye, lakini nikimwambia jambo lolote sasa huniuliza: “Kweli?” Nimefunga, nimetoa sadaka, nimesali mpaka magoti yanauma. Sijapata nafuu.

Mize alihamia Chukwani na mwanawe. Mwaka huu nilimfuata. Nilimkuta anachagua mchele kwenye ungo, nikamwambia yote, nikamwangukia miguuni.

Aliniacha nimalize. Hakunitukana.

“Hayo mie nshayajua,” akasema. “Niliyajua tangu ulipoapa. Haji pia anajua. Sasa unakuja kunipa mimi habari yangu mwenyewe? Waliokuwa hawajui ni wale wa juu. Mpaka leo tukikutana nao sokoni wanatwambia tulijitakia. Ukitaka kusema, waambie wao.”

“Na wewe utanisamehe?” nikamuuliza.

“Nina kazi,” akanijibu, akaendelea na mchele wake.

Nimekwenda kwa Mzee Vuai mara mbili. Siku zote mbili nimeishia kumuuliza hali ya macho yake na kunywa kahawa, nikarudi. Ulimi ulioapa upesi vile, kuungama hauwezi. Kwa hiyo nimeamua kuandika, kwa mkono wangu huu, uliojifunza kuandika ukubwani kwenye darasa la watu wazima. Jina sikuliweka. Nalo hilo ni woga. Lakini watu wa mtaa wangu wakisoma watanijua tu, maana mwalishi alikuwa mmoja.

Jamani, ukitumwa kuwaita watu kwenye shauri lao, usimruke mtu, hata awe adui yako wa kufa. Sauti ya mtu si yako wewe kumnyima. Ukiwa umeteleza, sema pale pale, kabla mikono haijanyanyuliwa. Na wewe uliyeketi mkutanoni, ukiona upande mzima haupo, usitosheke na maneno ya mtu mmoja kama mimi. Inuka, nenda kawaulize wenyewe.

Na nyinyi watu wa juu, majirani zangu, acheni kuwasema wale. Mize, Haji, marehemu Zuwena, na wenzao wote: hawakukataa kuja. Hawakuitwa.