Ng'ombe wa Boma na Mboga za Mama

Upumbavu wangu nausema mwenyewe kabla wengine hawajawasimulia: nilimwagia mteremko mzima maji ya kibuyu ili meno ya ng'ombe wa Mjerumani yayeyuke. Msinicheke sana. Vita vilikuwa vimeisha juzi tu, na watu wazima wenye ndevu zao walikuwa wameamini kwamba maji yangeyeyusha risasi. Mimi niliomba meno tu. Ng'ombe wakala, wakashiba, mmoja akanikojolea miguuni.

Ilikuwa njaa. Askari walikuwa wamechoma maghala yetu ya mpunga kule Ifakara, mama akanipandisha milimani, upande wa Mahenge. Asubuhi mlima ulinuka udongo uliolowa na majani yaliyopondwa na nyayo zetu. Tuliishi kwa mboga za mwitu, mchunga, mnavu, mlenda wa porini, na viazi vidogo ambavyo mama alivitambua kwa maua yake. Lakini bondeni kuna mbung'o wanaoua ng'ombe, kwa hiyo boma, yaani serikali ya Mjerumani, nalo likaleta mifugo yake huko huko juu. Zamani mbuzi wa wenyeji walipita wachache, wakadokoa, wakaenda zao, na kila jani likapata jua. Hawa wa serikali walikaa. Baada ya muda yakabaki majani magumu kama ufagio, ambayo hata wao waliyakataa, na kikapu cha mama kikawa kinarudi kitupu.

Mama hakulia. Alikata miiba, nikaiburura, tukazungushia kipande cha mteremko. Mvua ziliponyesha mchunga ukarudi, kisha mlenda. Kisha nyasi nazo zikapanda hadi kifuani mwangu, zikaifunika mboga. Nikasema nyasi hizi lazima zimeajiriwa na boma. Mama akamwingiza mbuzi wetu wa pekee asubuhi chache, akamtoa. Mboga ikapumua.

Ndipo akaja askari wa malisho na kiboko chake.

“We mama, nani kafungia majani ya serikali?”

Nikadakia, “Yamejifungia yenyewe, bwana. Yamesikia kodi inakuja.”

Hakucheka. Alinichapa mgongoni mpaka mkono wake ukachoka, akaamuru miiba iondolewe kesho yake.

Sasa nasoma shule ya misheni Ifakara, na mwalimu anasema mlima ule ni malisho mazuri kwa kuwa ni kijani. Ni kijani kweli, mwalimu: kijani cha jani moja. Likizo nikipanda, nje ya uzio nakuta mafagio yale yale. Ndani, maua ambayo hata wewe, mwalimu, huna majina yake, na chakula. Askari wameuvunja mara nyingi, nasi tumeujenga mara nyingi zaidi. Jioni ile ya kiboko nililala kifudifudi, nikidhani mambo yameisha. Mama akanisogezea bakuli, akasema:

“Kula ushibe. Kesho tunausogeza uzio mbele.”