Siku Nilitafsiri Sikio ya Mbuzi

Ejoka, nyinyi wote mmekaa hapo! Sogeeni karibu, na wewe mwenye simu, igeuze uso chini. Mwanangu, nataka kukuambia kitu nilifanya Kakuma, kitu ambacho mpaka leo nikipita pale hata punda wananicheka.

Ilikuwa 2012, ule mwaka mafuta ilipatikana huku Turkana, na kila mtu alikuwa anasema kazi itapewa mwenye Kiingereza. Mimi darasa niliiona kwa dirisha tu, nikipita na mbuzi. Lakini nilikuwa nimebeba magunia kwa malori ya Lodwar, nikaokota maneno kumi na mbili ya Kiingereza. Hizo kumi na mbili nilitembea nazo kama mtu ameoa wake kumi na mbili. Ukinisalimia ejok, najibu "fine".

Asubuhi moja nikakuta jirani yetu, mama Nawoi, kwa soko ya mifugo, jasho inamtoka. Mbuzi wake wanne walikuwa wamefuata kundi ya mchuuzi barabarani, na sasa wako ndani ya boma na mbuzi za huyo mchuuzi, karibu elfu moja. Sawa, basi mia. Wote wanangoja lori ya kichinjio. Na nyumbani mama ameacha mjukuu mchanga, mamake alifariki, anaishi kwa maziwa ya hao wanne. Lori ikiondoka, mtoto atakunywa nini?

Afisa wa mifugo alikuwa mtu wa Nyeri, mpole, lakini Kiturkana hajui, na mama Kiswahili hajui. Akauliza, "Nani atatutafsiria?" Kabla afunge mdomo, mimi nilikuwa nimesimama mbele yake.

"Muulize mbuzi wake wana alama gani."

Mama akaeleza. Unajua watu wetu, kila boma ina namna yake ya kukata sikio. Akasema sikio ya kulia imekatwa ncha, ukingo wa nyuma una mapengo mawili madogo, halafu chini yake vimeno vitatu kama vya msumeno. Ya kushoto haijaguswa. Aliongea mpaka kivuli ikasogea.

Nikageukia afisa, nikasafisha koo. "Cut."

"Mama ameongea kama redio, wewe unaniambia cut?"

"Yes. Cut, cut."

"Bwana, ongea Kiswahili tu."

Hapo ndipo Mungu alinipa mlango, mwanangu, na mimi nikaipita kama siioni. Kulikuwa na wasichana wananiangalia. Nikasema, "No. Ear teeth."

Afisa akashusha kalamu. "Mbuzi anauma na masikio?"

Watu wakacheka. Mchuuzi naye akasema, "Afisa, hata zangu zimekatwa. Humu ndani nani hana sikio imekatwa?" Na ni kweli. Afisa akatikisa kichwa, akasema alama haijajulikana, wapakie. Mbuzi ya kwanza ya mama ikainuliwa kwa miguu, ikilia.

Mama akanishika mkono. "Ekai, umemwambia vile nilisema?"

"Nimemwambia, mama."

Aliniamini. Hiyo ndiyo iliniuma. Macho yake hayakuwa na shaka hata kidogo, na mimi nilikuwa nauza mjukuu wake kwa maneno kumi na mbili. Nikakimbilia lori, nikasimama mbele ya mlango wa nyuma, nikapiga kelele kwa Kiswahili: "Afisa, nisamehe! Kiingereza yangu imeisha! Sijui hiyo sikio inaitwaje!"

Unajua alinijibu nini? "Hata mimi sijui. Shuleni walitufundisha 'notch', sijui 'dent', sijui 'jagged', lakini gani ni gani, sikuwahi kuona. Mwambie anionyeshe."

Nikamwambia mama. Akachukua karatasi kutoka kwa afisa, akaikunja, akatoa kisu yake ndogo ya kukata ngozi. Ncha, kwap. Mapengo mawili. Vimeno vitatu. Hakuangalia mbuzi hata mara moja. Afisa akaenda na hiyo sikio ya karatasi akaiweka juu ya sikio ya ile mbuzi kwa lori, zikalala pamoja kama mtu na kivuli yake. Na ya pili ndani ya boma, na ya tatu, na ya nne. Mchuuzi mwenyewe akazitoa zote, akasema, "Mama, pole, sikuona zimeingia."

Sasa sikia, mwanangu. Mtu akikupa maneno yake uyapeleke, hayo si mapambo yako. Kama hujui, sema hujui mapema, mbuzi wakiwa bado chini. Akuj, Mungu wetu, awape ulimi wa kweli, na maziwa isikauke kwenu.

Na msinicheke peke yenu, soko nzima ilicheka. Mama alifika kwa geti na mbuzi wake, akageuka, akapaza sauti:

"Ekai! Hiyo Kiingereza yako, angalia sikio yake! Ni ya wenyewe, irudishe!"